Msimu Ambao Mjomba Yaredi Alikaa Benchi

Walipofika aya ya pili ya wasifu wa marehemu nilijua watasema, na wakasema. "Marehemu aliwahi kucheza mpira wa kulipwa barani Ulaya, katika ligi ya nchi ya Ayalandi." Msomaji akatua hapo kidogo, ili waombolezaji wapate nafasi ya kutikisa vichwa. Wakatikisa. Mzee mmoja mbele yangu akanong'ona, "Lilikuwa jembe lile." Mimi nililitazama jeneza la mjomba wangu, nikaona aibu kwamba sina chozi, halafu nikaona si aibu. Machozi yake niliyamaliza nikiwa na miaka kumi.

Nasimulia kwa ajili yenu mliokua pamoja nami, wa enzi za vocha za kukwangua na simu moja ya ukoo mzima. Ninyi mtaelewa jinsi jambo la kijinga namna ile lilivyowezekana. Watoto wetu hawataelewa. Wao wangeandika jina kwenye simu, na uongo ungekufa kabla chai haijapoa.

Tulikaa Kibaigwa, mkoani Dodoma, nyuma ya soko la mahindi, chumba na sebule. Baba alifariki nikiwa bado mgongoni. Mama alikuwa mpepetaji: yeye na wanawake wenzake walikaa juani na nyungo zao, vitambaa vimefungwa mdomoni, wakisafisha mahindi ya wafanyabiashara kabla hayajapakiwa kwenye malori. Jioni alirudi mweupe kama mtu aliyeangukia unga. Alinawa, akabadili nguo, na bado ukimkumbatia ulipiga chafya. Kaka yangu Mesaki alikuwa kidato cha nne, mrefu, mkimya, hodari wa hesabu, mwenye mguu wa kushoto ambao watu walisimamisha baiskeli kuutazama.

Na alikuwepo mjomba Yaredi, mdogo wake mama, winga wa timu ya mji. Nimtendee haki: mbio alikuwa nazo. Lakini mdomo wake ulikuwa na mbio zaidi, na pale mpira ulipomshinda, mdomo uliendelea na mechi.

Wageni wa kanisa kutoka Ayalandi walikuja kuchimba visima vijiji vya jirani. Mjomba akawabebea mabomba, akawachekesha, wakampenda. Walipoondoka walimwalika akakae kwao mwaka mmoja, afanye kazi na ajifunze. Hakuna aliyeuliza kazi gani. Kwetu, mtu akipanda ndege, ile ndege yenyewe ndiyo kazi.

Baada ya wiki nne hivi akapiga simu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mama aliiweka simu juu ya gunia, spika wazi, sisi tukaizunguka kama watu wanaoota moto.

"Haloo! Dada! Huku baridi, we acha tu! Sikilizeni. Nimepata timu."

"Timu gani, mjomba?" Mesaki akauliza.

"Ya ligi! Ligi ya Ayalandi. Waliniona nikicheza na vijana wa kanisani, kocha akaniita pembeni. Akaniuliza, wewe mbio hizo umezitoa wapi? Nikamwambia, Dodoma!"

Mama alipiga kigelegele kilichovuka ukuta, kikavuka barabara ya lami, na kabla ya chakula cha mchana mji ulikuwa umekwishapata habari. Jina la timu lilikuwa refu, lenye herufi ambazo zinaandikwa lakini hazisomwi. Madalali wa sokoni walilinyoa, likawa Balimbali. Likabaki hivyo.

Mimi nilikuwa darasa la nne na lugha ya mpira sikuijua, kwa hiyo kila neno nililielewa kwa maana ya nyumbani. Mjomba aliposema wametoka sare, nilifurahi sana, maana shuleni kwetu asiye na sare alirudishwa. Niliona hiyo ni nchi ya watu wastaarabu, wanamaliza kucheza na wote wanatoka na sare zao. Na siku aliyosema kwamba kwa sasa kocha anamkalisha benchi, nilijaa fahari hata chakula hakikupita. Darasani kwetu tulikuwa wengi na mabenchi machache. Walioyakalia ni waliofaulu na mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Sisi wengine tulikalia sakafu. Sasa mjomba wangu amefika Ulaya juzi tu, na wameshamkalisha benchi!

Nikamweleza mwalimu.

"Mwalimu, mjomba wangu anakaa benchi."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, mwalimu. Hajawahi kukaa chini."

Mwalimu aligeukia ubaoni, mabega yakimtetemeka. Lakini kesho yake alinipandisha benchi la mbele. Hata yeye, mtu mwenye cheti, alitaka siku moja aseme kwamba alimfundisha mpwa wa fulani.

Ligi ya huko ilianza kwetu mahindi yakiwa magotini. Karibu na soko kulikuwa na duka la madaftari na kalamu la Dada Halima, Mrangi kutoka Kondoa, msichana mwenye miwani na maneno machache. Alikuwa na kompyuta moja, mashine ya kudurufu, na intaneti iliyokuja na kuondoka kama umeme. Mechi za Ayalandi zilichezwa Ijumaa, na kila Jumamosi madalali walijazana mlangoni kwake. "Halima, tutazamie Balimbali." Alitazama, akachapa matokeo, akayabandika mlangoni kwa gundi. Haukupita muda, watu waliokuwa hawamjui diwani wao walijua msimamo wa ligi ya Ayalandi kuanzia juu hadi chini.

Mkubwa wao alikuwa Bwana Ndahani, dalali mwenye tumbo na fimbo ya kutembelea asiyoihitaji. Huyu hakuwa ameiona Balimbali hata kwa picha. Hakuna televisheni Kibaigwa iliyoonyesha ligi ile, na sijui kama kwao wenyewe ilionyeshwa. Lakini alisimama mbele ya karatasi ya Halima, akanyoosha fimbo, akafundisha.

"Tatizo la Balimbali ni beki wa kushoto. Namwona kabisa. Mzito yule."

"Na Yaredi je?"

"Kocha mbaguzi! Amwingize dakika zote tisini uone."

Wazee wenye wajukuu walitikisa vichwa kwa uchungu juu ya beki ambaye huenda hakuwepo. Na timu ikafungwa. Ilifungwa mvua zikinyesha, ikafungwa mahindi yakichanua, ikafungwa tukivuna. Kila ilipofungwa, mjomba alipiga simu Jumapili na kueleza jinsi alivyoingia dakika kumi za mwisho akakosa bao kwa unywele. Nikihesabu leo, mjomba alikosa mabao mengi katika mechi zile kuliko yote yaliyowahi kukoswa katika nchi ile.

Nisingekuwa na haja ya kusimulia haya kama yangeishia kwenye vichekesho vya sokoni.

Mama alihamishwa kutoka juani. Bwana Ndahani mwenyewe alimwonyesha mahali chini ya bati, karibu na mizani, penye kivuli kutwa nzima, na wanawake waliokaa pale kabla yake wakasogea bila kunung'unika. Akapewa jina, Mama Ulaya. Aliacha kufunga kitambaa mdomoni, avute vumbi lote la pumba, ili mradi watu wamwone akitabasamu. Niliyapenda hayo. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akingojewa amalize kusema.

Mwezi wa sita, katikati ya mavuno, mjomba akasema kwenye simu, "Yuko wapi Mesaki? Mesaki, nimeongea na kocha. Anatafuta winga wa kushoto. Msimu ukiisha, jiandae."

Kaka yangu hakuruka wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kweli, mjomba?"

"Mimi na wewe tutaniane?"

Kuanzia siku ile Mesaki alikimbia. Alfajiri alikimbia kuelekea njia ya Kongwa mpaka umbo lake likapotea, jioni alipiga mpira kwenye ukuta wa ghala mpaka mlinzi akamfukuza. Daftari zake zilianza kuota vumbi, na mimi nikapewa zile zenye kurasa tupu nichoree. Mkuu wa shule akamwita mama. Nilikwenda naye, nikasimama mlangoni.

"Mama Mesaki, huyu kijana anaweza kufika mbali. Hesabu zake sijaziona kwa mwingine. Mwambie arudi kwenye vitabu."

"Ndiko anakokwenda, mwalimu," mama akajibu. "Mbali."

Mwezi wa nane Dada Halima aliniita nikitoka shule. Aliniingiza ndani ya duka, akatazama mlangoni kwanza.

"Tabita, mdogo wangu, chukua hizi. Mpe kaka yako mkononi. Kaka yako, si mtu mwingine, umesikia?"

"Ni nini, dada?"

"Ni majina ya wachezaji wote wa Balimbali, mechi zote, na wa benchi pia. Mwambie atafute jina la mjomba wenu."

Nyumbani Mesaki hakuwepo, alikuwa mbioni. Mama alikuwa anakoleza jiko. Aliziona karatasi mkononi mwangu, akauliza, nami sikuwa mtoto wa kumficha mama kitu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Majina yalikuwa magumu, mengi yalianza na O yenye alama kama kucha pembeni. Nilifuata kwa kidole, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili.

"Yaredi yuko wapi?"

"Hayupo, mama."

"Soma tena."

Nilisoma tena, hata ya benchi. Mama alikuwa amechuchumaa, macho hayatoki kwenye midomo yangu. Nilipomaliza akachukua karatasi, akazitazama yeye ambaye Kiingereza hakukijua hata neno moja.

"Umesoma vibaya," akasema.

"Mama, mimi darasani ndiye wa kwanza kwa..."

"Hicho ni Kizungu, Tabita. Umesoma vibaya."

Akazikunja, akaziingiza chini ya mkaa. Jiko lilikuwa limegoma kuwaka tangu nifike. Likawaka. "Na kwa Halima usiende tena," akasema akipepea. "Yule ana wivu."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko karatasi yenyewe. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, nikisimamishwa darasani kusoma, nilimtazama mwalimu kila baada ya neno, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa na mtu niliyempenda kuliko wote kwamba ninaona kisichokuwepo.

Msimu ulipokaribia kwisha, Mesaki alianza kuuliza kila Jumapili, kwa adabu, swali moja. "Mjomba, lini?" Mara ya kwanza mjomba alicheka. Mara ya pili simu ilikatika. Mara ya tatu au ya nne akasema kwa haraka haraka, "Sikiliza. Kuna mzungu wa timu anapita Dodoma. Wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Atavaa jaketi la kijani. Wewe msubiri getini, pale uwanja wa mpira mjini, asubuhi mpaka jioni."

"Mjomba, wiki hiyo ndiyo mtihani wa taifa unaanza."

Simu ikanyamaza. Tulisikia upepo wa huko, na mlio kama wa mashine inayonguruma mbali. Nimewaza juu ya kimya kile maisha yangu yote. Alikuwa na nafasi. Alihitaji maneno matatu tu, *nenda kafanye mtihani*, na uongo wake ungebaki uongo wa kawaida wa mtu mwenye majivuno, ambao dunia imejaa na ambao mimi nauvumilia kila siku ofisini kwetu Chimwaga.

"Mitihani ipo kila mwaka," mjomba akasema. "Mzungu hayupo kila mwaka."

Alimtupia kijana yule tarehe kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili amwache apite.

Mesaki alikwenda Dodoma mjini, akafikia kwa mshirika mmoja wa kanisa letu, na siku nne mfululizo akasimama getini na viatu vyake vya mpira mkononi. Wenzake walikuwa wanafanya mtihani. Siku ya tatu gari liliegeshwa, akashuka mzungu mwenye jaketi la kijani kabisa. Kaka yangu akamkimbilia, akamweleza kwa Kiingereza alichokiandaa miezi mitano: jina lake, umri wake, mguu wake. Yule mtu alimsikiliza vizuri mpaka mwisho. Akampa mkono.

"Alikuja?" mama akamuuliza aliporudi.

"Alikuja mmoja," Mesaki akasema. "Aliniuliza zabibu zinauzwa wapi."

Akaenda kulala bila kula, jua bado lipo.

Wiki hizo hizo Halima alibandika karatasi ya mwisho. Balimbali imeshuka daraja. Nilitafuta daraja nililolijua, lile la korongo njia ya kwenda Dodoma, korongo kavu la mchanga mtupu. Nikawaona wanaume kumi na mmoja wakishuka pale kwa kamba mmoja mmoja, na mjomba Yaredi wa mwisho, na chini hakuna hata maji. Bwana Ndahani alitoa hotuba fupi kuhusu beki wa kushoto, kisha akahamia kuandaa mapokezi.

Mjomba alirudi mwezi wa kumi na mbili. Alishuka kwenye basi na suti ya michezo ya kijani yenye nembo ya timu, bandeji nene gotini, ananuka dawa ya kuchua mita kumi kabla hujamfikia. Mechi ya heshima ilikuwa imekwishaandaliwa, acheze kipindi kimoja watu wamwone.

"Goti, jamani," akasema huku akichechemea. "Mechi ya mwisho. Daktari wa timu kanikataza kabisa."

Watu walimhurumia. Walimbebea begi. Mama alilia. Mesaki alimwamkia, "Shikamoo mjomba," na mjomba akaitikia, "Marahaba, marahaba," akimtazama kifuani, hakumfika usoni.

Basi mechi ikawa karamu, uani kwetu, mchana. Bwana Ndahani alileta mbuzi. Wageni kama ishirini, watu wazima wote, wenye majina mjini. Mama alinituma ndani nitoe nguo chafu kwenye begi la mjomba nizifue. Chini kabisa nikakuta bahasha ya picha.

Ya kwanza, mjomba amevaa ovaroli la buluu na mabuti ya mpira yanayofika magotini, amezungukwa na ng'ombe weusi wenye mabaka meupe, viwele kama masufuria ya harusi. Ya pili, ameweka shavu lake kwenye ubavu wa ng'ombe mmoja mweusi mtupu na anacheka, kicheko ambacho sikuwahi kumwona nacho. Ya tatu, amesimama mvuani na skafu ya kijani shingoni, nje ya uzio, na ng'ambo ya uzio, kwa mbali, watu wanacheza mpira.

Nilielewa kwa namna yangu. Timu ina ng'ombe wake, na wachezaji ndio wanaowakamua. Nikafurahi kupita kiasi. Sisi ni Wagogo. Timu yenye ng'ombe wengi namna ile ilikuwa kubwa kuliko walivyotuambia, na nikashangaa mjomba kasahau kulitaja jambo zuri kama hilo.

Nikatoka nje mbio na picha mkononi. Mjomba alikuwa amesimama katikati, lile goti limesahaulika, anaonyesha kwa miguu yote miwili, "...nikampita wa kwanza, nikampita wa pili, kipa akatoka..."

"Mjomba," nikasema kwa sauti kubwa ya kupendeza, "kumbe huko wachezaji ndio wanaokamua ng'ombe?"

Nikainua ile picha ya kwanza ili wote waione. Wakaiona. Nilitazama uso baada ya uso, nikaona kila mmoja amesoma picha ile sawasawa, haraka kuliko mimi. Kisha Bwana Ndahani akanyoosha sahani yake.

"Mama Ulaya, zile mbavu zimebaki?"

Wengine nao wakanyoosha. Watu wazima ishirini walikuwa wamejua, na watu wazima ishirini wakaomba nyama iongezwe.

Ni Mesaki peke yake aliyeinuka. Alichukua picha mkononi mwangu, polepole, akazipitia zote tatu. Kisha akasimama mbele ya mjomba wake.

"Ng'ombe walikuwa wangapi?"

Mjomba alicheka kwanza. Akamtazama Ndahani, akamtazama mama, hakupata msaada, kwa sababu wote walikuwa wanatafuna.

"Mia moja na kumi," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, si ile ya kwenye simu. "Tunakamua alfajiri na jioni, kwa mashine. Ila yule mweusi alikataa mashine. Yule nilimkamua mimi, kwa mkono. Mwenye shamba alisema hajawahi kumtulia mtu mwingine."

Katika maneno yote tuliyoyasikia mwaka ule, hayo tu ndiyo yaliyosemwa na mtu aliyekuwepo.

"Na mpira?"

"Ijumaa tulikwenda kutazama. Na mwenye shamba."

Mesaki alimrudishia picha, akamwekea mkononi, akamfumba vidole juu yake.

"Ungeniambia ni ng'ombe," akasema, "ningekuja."

Nimemdharau mjomba Yaredi kwa mambo mengi, lakini lililo juu ya yote ni hili. Babu yake aliimbiwa nyimbo kwa ng'ombe arobaini. Watoto waliitwa kwa majina ya fahali wake. Huyu kaenda nchi ya mbali akashika mia na kumi, akamtuliza asiyetulizika, halafu akaona aibu. Akaona ni heshima zaidi kuwa mchezaji asiyecheza, wa timu inayofungwa, mbele ya watu waliozaliwa wakinuka maziwa.

Mesaki akageuka. "Mama. Na wewe ulijua?"

Mama alikuwa ameshika upawa. Alinitazama mimi, akautazama moto, akampakulia sahani.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kinapoa."

Kesho yake asubuhi kaka yangu alifunga mashati mawili kwenye mfuko, akaomba lifti kwenye lori, akaenda Kongwa kutafuta kazi ya kuchunga. Akaipata. Mtihani aliufanya miaka miwili baadaye, kama mtahiniwa wa kujitegemea, vitabu akiletewa na Dada Halima kwa mizigo ya mabasi. Leo ni bwana mifugo katika wilaya ambayo sitaitaja, na anapendwa. Mjomba alibaki Kibaigwa, akafundisha watoto mpira akiwa amekaa kwenye kiti, bandeji ikiwa gotini mpaka uzeeni, kila mara mguu ambao aliukumbuka siku hiyo. Sijawahi kumwona akigusa ng'ombe tena. Nilipompigia Mesaki kumpa habari za msiba, alisema kuna mtamba anazaa kwa shida, hawezi kumwacha.

Lakini mimi siwezi kujifanya nilikuwa mtazamaji tu. Jumapili iliyofuata ile karamu tulitoka kanisani, mimi na mama. Mke wa Bwana Ndahani alitusimamisha mlangoni, kanga mpya, mikono yote miwili mbele.

"Mama Ulaya! Kijana simwoni. Yuko wapi?"

Mama alinyoosha mgongo. Nilidhani atasema Kongwa. Kongwa ni neno fupi.

"Amesafiri," mama akasema. "Ameitwa majaribio. Huko huko Ulaya."

"Ala! Mungu mkubwa! Timu gani?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Majina ya huko hakuyajua. Akaniwekea mkono begani.

"Hayo majina ya Kizungu wanayaweza hawa wasomi," akasema. "Tabita ndiye msomaji wangu. Tabita, mwambie mama."

Nilikuwa nimesubiri tangu mwezi wa nane anirudishie jina hilo, msomaji. Nilimtazama yule mama, nikamwamkia kwanza, "Shikamoo," akaitikia. Kisha nikataja timu. Niliitunga pale pale, ilianza na O, na ilitoka vizuri sana, hata mke wa Ndahani akairudia mara mbili ili asiisahau kabla hajafika kwake.